Punguzo la Karo Lilitoka Mfukoni mwa Nani?

Machi 2020 shule za Kenya zilipofungwa, mamangu alikuwa akifundisha Gredi ya 3 katika shule moja ya kibinafsi. Wazazi walidai karo ipunguzwe, wakapunguziwa nusu. Ilikuwa haki yao: basi halikutoka, jiko halikuwashwa. Lakini mshahara wa mama nao ukakatwa nusu, na bando za kufundishia akanunua mwenyewe!

Sisi wanafunzi wa ualimu tujifunze kuisoma karo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya India iliamua shule za kibinafsi za Rajasthan zipunguze asilimia 15, kwa kuwa ziliokoa gharama za umeme, maji na kadhalika. Yaani hupunguzwa kile ambacho hakikutumika. Mama alitumika, tena hadi usiku, akisahihisha picha za madaftari kwenye WhatsApp.