Saa Iliyorudiwa Juba

SWALI: Mwanaprogramu wa Juba anaambiwa na wenzake kwamba fanksheni yake inayoweka tarehe kwenye risiti "si safi", kwa kuwa inasoma saa ya kompyuta ndani kwa ndani. Kuna ubaya gani?

JIBU: Wenzake wana haki. Fanksheni safi ikipewa data ileile hutoa jibu lilelile, na haigusi chochote nje yake. Inayochungulia saa hubadilika kila sekunde, hivyo haijaribiki sawasawa.

Juba ina mfano bora kuliko kitabu chochote. Usiku wa kuamkia 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilihama kutoka UTC+3 hadi UTC+2. Ilipofika saa sita usiku, saa zikarudishwa hadi 23:00, hivyo 23:30 ikapita mara mbili: kwanza 20:30 UTC, kisha 21:30 UTC. Risiti mbili zilizopishana saa nzima zingeonyesha muda mmoja, tena zote za Januari!

Dawa ni kuipa fanksheni wakati wa UTC na ukanda, yaani Africa/Juba, kama vigezo. Saa isomwe mara moja tu, kwenye ukingo wa programu. Hapo usiku ule unajaribiwa hata leo mchana, kwa mistari miwili ya msimbo.