SOMO LA UFUNDI: MAFUTA YAKIVUJA KWENYE GURUDUMU LA NYUMA LA SKUTA



Wengi wetu siku hizi tunapanda pikipiki zenye mnyororo. Lakini skuta za zamani, Vespa, Bajaj Chetak na Lambretta, hazijaisha. Nyingine tumerithi kwa wazee, nyingine tumenunua kwa bei nafuu, na nyingine ni za mwajiri, hutolewa kwa kazi ya kupeleka barua na vipuri. Zote zina ugonjwa mmoja unaojulikana: mafuta huvuja kwenye gurudumu la nyuma. Watu hudhani hiyo ni hasara ya mafuta tu. Sivyo. Ni hasara ya breki.

Mimi nilijifunza kwa maumivu. Kabla barabara ya Arua hadi Koboko haijatiwa lami katika miaka ya 2010, nilikuwa tarishi wa mwajiri mmoja, nikienda na kurudi kwa Vespa ya kazi katika vumbi jekundu, karibu kilomita 55 kila upande. Kila asubuhi nilikuta doa la mafuta chini ya gurudumu. Nilimwambia msimamizi. Akajibu, "Ongeza mafuta, twende kazi." Nikaongeza kwa muda wa wiki tatu. Jioni moja, kwenye mteremko wa kuelekea daraja, nilikanyaga breki ya nyuma, skuta isipunguze mwendo hata kidogo. Mbele yangu alikuwako mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Nikajitupa mtaroni. Yule mama hakuguswa, mimi nikavunjika mkono. Tulipofungua drami tulikuta vitambaa vya breki vimelowa mafuta chapachapa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tujifunze kuziba.

MAFUTA YANATOKA WAPI?

Ekseli ya gurudumu la nyuma la Vespa hutoka moja kwa moja katika giaboksi. Ndani ya giaboksi mna mafuta, na nje yake iko drami ya breki. Kinachotenganisha mafuta na breki ni pete moja ya mpira iitwayo sili. Mdomo wa sili hukumbatia shingo ya drami inapozunguka. Mdomo huo ukilika, au ukikauka kwa uzee, mafuta hupita na kuingia katika breki.

Kwanza osha injini yote, kausha, uendeshe kilomita chache, kisha tazama. Uchafu mweusi wenye harufu ya moshi huenda umetoka kwenye ekzosi. Mafuta mazito yanayoteleza, yaliyoenea kwenye ukingo wa drami na ndani ya ringi, ndiyo ya giaboksi.

TAFUTA CHANZO KABLA YA KUNUNUA SILI

Wengi hununua sili mpya, na baada ya mwezi inavuja tena. Wanamlaumu mwenye duka. Sili haikufa bure. Chunguza mambo haya matano:

1. Mafuta yamezidi. Vespa kubwa inahitaji mililita 250 tu, yaani robo lita. Simamisha skuta wima, jaza mpaka yaanze kumwagika kwenye tundu la kipimo, kisha funga. Mimi nilikuwa nikimimina bila kupima, kumbe nilikuwa nazidisha ugonjwa.

2. Tundu la kupumulia limeziba. Juu ya kifuniko cha klachi kuna tundu dogo. Giaboksi ikipata joto, hewa ya ndani hupanuka. Tundu likijaa udongo, hewa hiyo husukuma mafuta kwenye sili. Lisafishe kila mara unapobadilisha mafuta.

3. Sili ya kranki upande wa klachi imekufa. Hapo nguvu ya injini huingia katika giaboksi. Dalili ni mafuta ya gia kunuka petroli, au moshi mwingi mweupe huku mafuta ya gia yakipungua. Usipotengeneza hiyo, sili ya gurudumu haitadumu.

4. Beringi imelegea. Inua gurudumu, lishike juu na chini, ulitikise. Kama linacheza ingawa nati imekazwa, beringi imechoka. Ekseli inayoyumba huharibu sili mpya upesi.

5. Shingo ya drami imechimbika. Vumbi likikaa kwenye mdomo wa sili hufanya kazi ya msasa. Pitisha ukucha juu ya shingo. Ukucha ukikwama katika mfuo, sili mpya haitaziba. Tafuta drami nyingine, au mpelekee fundi wa kuchonga vyuma aivalishe pete.

KAZI YENYEWE

Hatua ya kwanza: Acha injini ipoe. Mwaga mafuta ndani ya kopo, si ardhini, kwa maana maji ya kisima ni ya wote.

Hatua ya pili: Skuta ikiwa bado chini, chomoa pini ya nati ya katikati na ulegeze nati hiyo. Tia gia ya kwanza, na mwenzako akanyage breki. Ukingoja mpaka gurudumu liwe hewani, nati haitakubali.

Hatua ya tatu: Weka gogo imara chini ya skuta. Toa gurudumu, kisha vuta drami. Ikigoma, igonge polepole kwa nyundo ya mbao ukiizunguka. Nyundo ya chuma huvunja ukingo.

Hatua ya nne: Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu. Vitambaa vingi vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani baada ya miaka mingi. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji, ukifunge katika mfuko, ukitupe.

Hatua ya tano: Angalia sili ilipo. Katika aina nyingi iko nje ya beringi na utaiona mara moja. Ing'oe kwa bisibisi bila kukwaruza nyumba yake ya aluminiamu. Kama sili iko ndani, nyuma ya beringi, lazima injini ipasuliwe. Hiyo ni kazi ya fundi. Usijidanganye kwa kupaka gundi.

Hatua ya sita: Soma namba za sili ya zamani. Kwa mfano, 30x47x6 maana yake tundu ni milimita 30, upana wa nje 47, unene 6. Nunua inayolingana kabisa. Paka mafuta kidogo mdomoni. Upande wenye springi ndogo uelekee ndani, kwenye mafuta. Isukume sawasawa kwa kipande cha bomba chenye upana wake. Ikiingia upande, itoe uanze upya.

Hatua ya saba: Badilisha viatu vya breki. Wapo wanaovichoma kwa petroli wakidhani vimepona. Mafuta yamezama ndani ya kitambaa, na breki ikipata joto hurudi juu. Safisha drami kwa petroli kidogo, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Ngoja ikauke.

Hatua ya nane: Rudisha drami, kaza nati kwa nguvu. Kwa Vespa PX kipimo ni kati ya Nm 90 na 110. Kama huna spana ya kipimo, chukua mpini wenye urefu wa sentimita 50 na uukandamize ncha yake kama vile unaning'iniza mzigo wa kilo 20. Nati iliyolegea hula meno ya ekseli. Tia pini mpya, kisha kagua nati tena baada ya kilomita 50.

Hatua ya tisa: Tia mafuta SAE 30. Usitie mafuta mazito ya gia namba 90, kwa sababu klachi ya Vespa inaogelea katika mafuta hayo hayo. Lambretta ni kinyume chake: yake ni SAE 90, karibu lita 0.7, na habu yake hutolewa kwa kivutio maalumu. Kwa hiyo usitibu moja kwa dawa ya nyingine.

Hatua ya kumi: Jaribu breki mahali tambarare, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mteremko ungoje.

NA KAMA SKUTA NI YA MWAJIRI?

Hapo spana peke yake haitoshi. Nilipovunjika mkono, msimamizi alisema nilikwenda mbio. Yale maneno ya "ongeza mafuta" aliyakana. Sikuwa na karatasi hata moja, na miezi mitatu niliuguza mkono bila senti ya fidia.

Tujue sheria. Nchini Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke vyombo vya kazi katika hali ya usalama. Nawe unatakiwa kutoa taarifa unapoona hatari, na unayo haki ya kujiondoa penye hatari kubwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamgusa anayeumia kazini, na hata anayeumia njiani akienda moja kwa moja kazini au akirudi. Lakini lazima uweze kuonyesha kwamba safari ilikuwa hiyo.

Kwa hiyo, siku unayoona doa la mafuta, andika: tarehe, namba ya skuta, ulichoona, uliyemwambia na alivyojibu. Mpe msimamizi nakala moja, ya pili mpe mjumbe wa tawi. Usipande mpaka breki itengenezwe. Mwenzako akitumwa badala yako, mwonye, na nyote wawili mwendeeni mjumbe. Mmoja akikataa ataitwa mkaidi. Tawi zima likikataa, breki zitatengenezwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa nini sili mpya huvuja tena baada ya muda mfupi? Taja sababu tatu.
2. Kwa nini hatutii mafuta namba 90 katika Vespa?
3. Katika kazi yenu, ni chombo gani "kinaongezwa mafuta" tu badala ya kutengenezwa? Nani ameandika taarifa yake?

Swali la tatu mlijibu kwa maandishi, mlilete kwenye mkutano ujao.

Umoja ni nguvu.