Valletta kwa Saa Chache

Meli za kitalii zinazopita Malta hufunga gati ndani ya Bandari Kuu, chini kabisa ya kuta za Valletta. Mji wenyewe uko juu. Kwa hiyo panga siku yako hivi: panda mapema, kisha teremka taratibu.

Kupanda. Ukitoka getini, tembea bahari ikiwa kuliani kwako. Baada ya kama robo saa utaikuta lifti ya Upper Barrakka, iliyofunguliwa mwaka 2012. Kwa ada ndogo ya yuro itakupandisha mita 58 hadi kwenye bustani inayotazama bandari nzima. Chini ya bustani hiyo mizinga hulia saa sita mchana na saa kumi alasiri. Wahi nafasi ukutani.

Kanisa la Mtakatifu Yohane. Ukiwa na muda wa kuingia mahali pamoja tu, ingia hapa. Lilijengwa kati ya 1573 na 1578 na watawa wapiganaji walioulinda mji, na sakafu yake ni makaburi yao ya marumaru. Humo mna mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608, Yohane Mbatizaji akikatwa kichwa. Ndio pekee aliotia sahihi, tena ndani ya damu inayomwagika. Funika mabega, usivae visigino vyembamba. Jumapili watalii hawaingii.

Kula. Tafuta pastizzi za moto, binamu wa sambusa, zenye jibini laini au njegere. Asiyekula nguruwe aulize kwanza mafuta yaliyotumika.

Muda ukibaki. Teremka kwa lifti ileile, uvuke kwa kivuko hadi Birgu, ng'ambo ya bandari, kwenye ngome ya St Angelo. Mdina, mji mkuu wa kale, uko bara. Uache kama meli inakaa nusu siku tu.

Viza na saa. Malta imo katika eneo la Schengen. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, ambaye meli yake itapitia Tunisia au Uturuki kisha irudi Ulaya, aombe viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Barabarani magari hushika kushoto kama nyumbani. Kabla ya kushuka, linganisha saa yako na ya meli, kwani huenda saa ya meli ikapishana na ya mjini. Anayechelewa huachwa, na nauli ya kuifuata meli bandari inayofuata ni juu yake.