Muhogo unaoza ndani: Elimu ya vinasaba inasemaje?

Kama wewe ni mnunuzi wa muhogo wa futari, uwe Chake Chake au Dar es Salaam, huenda yamekukuta haya. Muhogo kwa nje ni mzima kabisa, ukiukata ndani una madoa ya kahawia, makavu, hayatafuniki. Kwa sisi wa mjini hiyo ni hasara ya fungu moja. Kwa mkulima wa Micheweni, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya mawe, ni chakula cha nyumba nzima.

Ugonjwa huu huitwa michirizi ya kahawia. Aliyeuandika kwanza, mwaka 1936, ni mtafiti H. H. Storey aliyekuwa kituo cha Amani, milima ya Usambara. Kwa miaka mingi ulidhaniwa ni balaa la ukanda wa pwani tu, hadi mwaka 2004 ulipoonekana Uganda. Mwaka 2010, wataalamu walipolinganisha vinasaba vya virusi vyake, ilidhihirika kuwa adui si mmoja bali ni wawili.

Vinasaba ni nini? Ni mfano wa maandishi yaliyomo ndani ya kila chembe hai, yanayoamua umbo la mmea, rangi yake, na uwezo wake wa kustahimili maradhi. Sasa tazama muhogo. Hatuupandi kwa mbegu ya ua, tunapanda kijiti. Kijiti kile si mtoto wa mama yake, bali ni mama yule yule, kwa vinasaba vile vile. Na kama mama alikuwa na kirusi, basi kirusi naye amehama pamoja naye. Inzi weupe huueneza ugonjwa shamba kwa shamba, lakini anayeuvusha bahari ni binadamu na mzigo wake wa vijiti. Hisani ya kupeana mbegu, ambayo ni jambo jema, ndiyo njia yake kuu.

Pale Amani, Storey na wenzake waliuchanganya muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira, kwa kupeleka chavua ya ua la huu kwenye ua la ule, ili kutafuta ustahimilivu. Mwaka 2016, wataalamu waliposoma vinasaba vya mihogo mingi ya dunia, walikuta vipande vya mti ule wa mpira vingali ndani ya baadhi ya mihogo ya leo. Kazi ya mikono ya miaka ya thelathini ilikuwa bado inasomeka! Mwaka 2022 likaja jingine: ilitambuliwa jeni inayoipa kinga dhidi ya batobato mihogo fulani ya wakulima wa Afrika Magharibi. Faida yake ni kwamba mzalishaji wa mbegu anaweza kupima jani la mche mchanga akajua kama una kinga, badala ya kungoja misimu.

Hapa ndipo linapozuka swali: je, huku si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu, jambo linalotajwa katika Surat An-Nisaa kuwa ni katika ahadi za shetani? Kwa maoni yangu tunachanganya mambo matatu. Kusoma vinasaba ni kusoma tu. Kuchanganya ua na ua ni kazi ya mkulima tangu kale, na kisa cha watu wa Madina na uchavushaji wa mitende tunakijua sote. La tatu ni kupandikiza jeni maabara, na hilo ndilo lenye mjadala. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliruhusu uhandisi wa jeni katika mimea kwa mipaka ya sheria, kwa kuleta maslahi na kuzuia madhara. Maslahi ya nani, na mbegu itamilikiwa na nani, ni maswali ya haki kabisa kuulizwa, na mimi sioni ubaya wa kuyauliza kwa sauti kubwa.

Kenya iliidhinisha Juni 2021 muhogo uliopandikizwa jeni dhidi ya michirizi ya kahawia, uendelee na majaribio ya mashambani. Tanzania Bara, Novemba 2018, serikali iliamuru majaribio ya mazao ya aina hiyo yasimamishwe. Kwa hiyo anayeikataa mihogo ya Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui, iliyotolewa Zanzibar mwaka 2007, kwa hoja kuwa ni ya maabara, amekosea anuani. Hiyo ni mihogo ya kuchanganya na kuchagua. Inastahimili, ingawa haina kinga kamili, na ikipandwa karibu na vijiti vigonjwa itaambukizwa nayo.

Maabara ya kupima virusi ipo Mikocheni, na mkulima wa Konde hawezi kupeleka kila kijiti huko. Lakini kisu anacho. Wakati wa kuvuna akate mizizi ya kila shina aitazame ndani kabla ya kuchukua vijiti. Shina lenye doa hata moja lisitoe mbegu, hata kama majani yake yanapendeza, kwani majani ya ugonjwa huu hudanganya. Na jirani akija kuomba mbegu, aonyeshwe na mizizi iliyokatwa.