Kengele ya Mvua, na Namna ya Kuitafutia Ila Yake



Katika somo la safari hii hatutazungumza juu ya kupalilia wala kuchuma. Twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo kienecho kiganjani, ambacho kijana mmoja mwanachama mwenzetu alikitengeneza kwao kwa mapenzi yake tu. Msimu uliopita kitu hicho kilituokolea majamvi mara tatu, na mara ya nne kikanyamaza. Khabari yake twaieleza yote, ya furaha na ya khasara, kwani faida iliyomo katika ile khasara ni kubwa zaidi.

Hapana haja ya kumfundisha mkulima wa Pemba dhiki ya kuanika. Kilo 3 za karafuu mbichi zikikauka hurudi kiasi cha kilo 1, na jua likiwa jema hutaka siku 4 au 5. Uchumaji wetu nao huingia ndani ya mvua za vuli, na wingu la vuli halipigi hodi. Karafuu ikirowa kabla ya kukauka huchacha, hupauka na kunyauka, ikawa ndiyo mpeta; na mwenye mpeta nyingi ajua anavyotazamwa anapofika kwenye mizani. Saa hiyo ya mvua watu wa nyumba wako juu ya mikarafuu, na aliyebaki kuangalia majamvi ni bibi au mtoto.

Kijana tumsemaye amependa mambo ya umeme tangu alipokuwa skuli. Chumba chake kimejaa redio zilizopasuliwa matumbo, taa za jua zilizokwisha kufa na simu zisizo na vioo, na mama yake hukiita chumba kile makaburini. Alikuja ofisini kutuomba fedha za kununua kibao cha Arduino. Hiki ni kibao cha umeme kifanyacho kazi mfano wa kompyuta ndogo. Kilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi, na leo wapenda ufundi wa dunia nzima hukitumia majumbani mwao. Tulimjibu kwamba sanduku la chama si la kununulia michezo. Twakiri jibu lile lilikuwa kali. Lakini kwa kazi hii hatujuti sana, kwa sababu alirudi makaburini kwake akatoa kwenye redio mbovu kitu kimoja tu, transista, na hicho kikatosha.

Transista ilizaliwa Desemba 1947 katika maabara ya Bell huko Marekani. John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley walipewa tunzo ya Nobel ya fizikia kwa ajili yake mwaka 1956. Kazi yake yafahamika kwa kutazama mfereji wa maji. Kidole kimoja huuzungusha mfereji, na maji ya bomba zima yakatoka. Nguvu ya kidole ni ndogo, nayo yaamuru nguvu kubwa. Transista ina miguu mitatu. Umeme mdogo ukiingia mguu uitwao besi, huufungulia njia umeme mkubwa kupita kutoka mguu uitwao kolekta kwenda mguu uitwao emita.

Sasa tone la mvua. Maji ya mvua hupitisha umeme kidogo mno, hauwezi kupiga kengele yo yote. Lakini unatosha kuwa kidole cha kuzungusha mfereji.

Mwenye kutaka kuiunda na afuate hivi. Panga betri 4 za volti 1.5 zifuatane, upate volti 6. Kutoka chanya ya betri peleka waya mmoja kwenye chanya ya kengele, ile ndogo nyeusi iliayo yenyewe ikipata umeme, na waya mwengine kwenye upande mmoja wa kibao cha mvua. Hasi ya kengele iende kwenye kolekta. Upande wa pili wa kibao upitie kwanza rezista ya omu 1,000, ambayo kazi yake ni kuuzuia umeme usije kwa wingi ukaiunguza transista, kisha uingie kwenye besi. Emita irudi kwenye hasi ya betri. Ukitumia transista ya BC547, ishike bapa lake likikutazama na miguu ikining'inia chini: kushoto ni kolekta, kati ni besi, kulia ni emita. Transista nyengine hazina mpango huo, basi usikisie. Na kibao cha mvua ni kipande cha plastiki kilichozungushiwa nyaya mbili za shaba zilizo wazi, zikienda sambamba bila ya kugusana, na baina yao nafasi ya punje ya mchele. Tone likianguka juu ya nafasi ile, linaziunganisha.

Kengele hii haitabiri mvua. Hulia pale tone la kwanza lilipokwisha kuanguka, na kwa hivyo humfaa mtu aliye karibu tu. Kibao kikae penye majamvi, na kengele ivutwe kwa waya mrefu mpaka pale walipo watu.

Katika nyumba ya kijana yule kengele ililia mara tatu kwa mvua ya kweli, na mara zote tatu karafuu zikaanuliwa kavu. Majirani wakaanza kuja kutazama. Lakini ikawa inalia pia alfajiri kabla ya adhana, maana kibao kililala nje na umande ulikilowesha. Bibi wa nyumba alichoka. Ikaamuliwa mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi, awe anachomoa waya wa betri kila magharibi na kuurudisha kila asubuhi.

Siku ya Alkhamisi moja, baada ya adhuhuri, ikashuka mvua ya ghafla. Bibi alikuwa amejinyoosha ndani, akiitumainia kengele. Kengele haikulia. Watu walipofika mbio kutoka shamba, majamvi saba yalikuwa yamerowa chapa, na waya wa betri ulionekana umening'inia. Mtoto akaapa kwamba asubuhi aliurudisha. Hakusadikiwa, akapigwa. Fundi mmoja wa mjini alipoulizwa akasema, bila ya kukifungua kijisanduku, kwamba transista imekufa na vyote vitupwe vinunuliwe vipya. Na baadhi yetu katika kamati tukasema: hivyo ndivyo vilivyo vitu vya watoto.

Jumamosi yake tulikwenda kukaa barazani kwa kijana yule ili tuone kwa macho yetu. Alivyoitafuta ile ila ndivyo tutakavyo wanachama wajifunze, kwani njia hiyo yafaa kwa kengele, kwa taa ya jua, na hata kwa pampu ya maji.

Kwanza alitazama tu, hakugusa kitu. Kisha akaurudisha ule waya ulioning'inia, akamimina kijiko cha maji juu ya kibao. Kimya. Hapo tulitazamana. Ikiwa waya umerudi na kengele bado haisemi, basi waya ule siyo ila, au siyo ila peke yake.

Mwengine angeanza kubadilisha kila kitu. Yeye aliikata njia ya umeme katikati. Alishika kipande cha waya, akaziunganisha zile ncha mbili za kibao pale pale zinapoingia kijisanduku, kana kwamba tone kubwa limeanguka hapo. Kengele ikalia. Kwa mguso huo mmoja betri, kengele, rezista na transista, vyote vinne, vilitoka katika tuhuma, na yule fundi wa mjini naye akajibiwa. Ila imo katika kibao. Akaanza kugusisha uma wa chuma juu ya nyaya mbili kutokea ncha ile kwenda mbele: mzunguko wa kwanza ikalia, wa pili ikalia kwa sauti nyembamba, wa tatu ikanyamaza.

Akakwangua kwa kisu. Waya wa upande wa chanya ulikuwa umegeuka kijani, na chini ya ule ukijani ulikuwa umeliwa hata ukakatika. Waya wa upande wa hasi ulikuwa karibu mzima. Sababu yake ni kuwa umeme wa betri, upitapo ndani ya maji, huichukua shaba ya upande wa chanya kidogo kidogo na kuiyeyusha. Kibao kile kilipata umande masaa mengi usiku baada ya usiku, betri ikiwa imeunganishwa, tena katika hewa yetu ya chumvi. Mama mtu akakumbuka kuwa katika mvua ya tatu sauti ya kengele ilikuwa dhaifu. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Basi hata kama waya wa betri ulikuwa mahala pake siku ile ya Alkhamisi, kengele isingelia. Na yaelekea kabisa kuwa waya ulichomoka pale watu walipokuwa wakivuta majamvi kwa pupa na kukiburura kijisanduku. Babu yake alimwita mtoto mbele yetu sote, akamtaka radhi. Sisi wa kamati nasi tulikuwa na la kumtaka radhi kijana, tukalisema.

Kijana ameitengeneza upya namna nyengine. Mahala pa shaba ametia uma mbili za mezani za chuma kisichoshika kutu, meno ya huu yameingia baina ya meno ya huu bila ya kugusana. Chuma hicho nacho si cha milele lakini huvumilia zaidi. Hakilehemiki kwa urahisi, kwa hivyo nyaya zimekazwa kwa skrubu. Uma zimewekwa juu ya kijiti na zimelazwa mshazari ili maji yateremke na mahala pakauke upesi. Pana swichi, na huzimwa magharibi karafuu zinapoingizwa ndani. Pia ameongeza rezista moja ya omu 22,000 baina ya besi na emita. Hii hunyonya umeme mchache sana, kama ule wa unyevu wa hewa, usifike kuifungua transista, na hivyo kuifanya kengele iwe nzito wa masikio kidogo. Ukiweka rezista ndogo kuliko hiyo kwa wingi, kengele itakuwa kiziwi hata kwa manyunyu. Tulijaribu ya omu 2,200, na kijiko kizima cha maji hakikuiamsha.

Na kila asubuhi, kabla ya majamvi kutandazwa, mtoto yule yule humimina kijiko kimoja cha maji juu ya uma. Kengele ikilia, hufuta maji kwa kitambaa na kazi huanza. Isipolia, au ikilia kwa sauti nyembamba, humwita kaka yake kwanza. Kijiko hicho hupima njia nzima, kutoka betri mpaka uma, jambo ambalo kutazama swichi tu hakulifanyi.

Kengele moja imewekwa ofisini kwetu kwa ajili ya kutazamwa. Kijana atakuwapo kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi, na atamsaidia bila ya malipo mwanachama atakayekuja na vifaa vyake. Betri chama hakitoi. Wenye redio mbovu wasizitupe, wazilete.