SOMO: Kuchagua tochi ya LED kwa safari za baiskeli za usiku



Katika mitaa yetu mingi wainjilisti na wahudumu wa afya hutumia baiskeli, na mara nyingi hurudi nyumbani giza limekwisha kuingia. Katika awamu iliyopita tuliwanunulia tochi za bei ya chini kuliko zote, tukafurahi kwamba fedha za wafadhili zimetosha watu wengi. Baada ya miezi michache nyingi zilikuwa zimekufa. Mwinjilisti mmoja alizimikiwa na tochi njiani, akatumbukia mtaroni na kuvunjika mkono. Kosa lilikuwa letu: tuliangalia bei, hatukuangalia kazi. Tunaleta somo hili ili kamati za sharika zisilirudie.

1. Mwanga wa kutosha
Mwanga wa tochi hupimwa kwa lumeni, si kwa wati. Kwa barabara ya vumbi na mwendo wa kawaida, lumeni 150 hadi 300 za kweli zinatosha. Baiskeli inayokwenda kilometa 15 kwa saa hupita zaidi ya meta 4 kila sekunde. Mpaka mtu alione shimo, akamate breki na kusimama, anaweza kuwa ametumia meta 8 au zaidi. Kwa hiyo tochi imwonyeshe shimo lililo meta 15 mbele.

2. Tusiamini kila maandishi ya boksi
Tochi nyingi za kuchaji hutumia betri ya lithiamu iitwayo 18650. Betri nzuri za aina hiyo huwa na uwezo wa mAh 2,500 hadi 3,500 hivi. Ikiandikwa 9,900, muuzaji wa namna hiyo tuachane naye. Tutafute pia alama ya IPX4, yaani tochi inastahimili maji ya kurushiwa kutoka kila upande, kama mvua.

3. Gharama ya mwaka mzima
Tuchukue mfano, kila kamati iweke bei za mahali pake. Tochi ya shilingi 5,000 inatumia betri kavu za shilingi 1,500 kila wiki. Kwa wiki 52, betri ni shilingi 78,000. Jumla ni 83,000. Tochi ya kuchaji ya shilingi 30,000, ikichajiwa kwa shilingi 300 kila wiki, inafikia 45,600. Ile ya "bei rahisi" ndiyo ghali. Inafaa zaidi tochi inayochajiwa kwa chaja ya simu, maana chaja hiyo ipo karibu kila kijiji.

4. Kufunga na kutunza
Tochi isishikwe mkononi, kwa sababu mikono yote miwili inahitajika kwenye usukani na breki. Ifungwe kwenye usukani kwa utepe wa tyubu kuukuu, ikielekezwa chini kidogo isiwapofushe wanaokuja mbele. Nyuma pawekwe taa nyekundu au rifleta. Betri iliyovimba isichajiwe tena, na isitupwe motoni.

Jaribio kabla ya kununua nyingi
Nunueni moja tu. Usiku, wekeni jiwe barabarani meta 15 mbele na mtazame kama linaonekana vizuri. Kisha iacheni iwake mpaka izime, mkiandika saa. Isipofikisha saa 3 kwa mwanga wa kutosha, msiagize nyingine.

Bwana Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Tochi kumi zinazofika nyumbani ni bora kuliko thelathini zinazozimika njiani. Hilo tunawaomba pia wafadhili wetu walipokee, wanapoona idadi katika taarifa zetu imepungua.

Maswali ya kujadili katika kamati
1. Ni nani katika mtaa wetu husafiri usiku, na kwa muda gani?
2. Tochi zitachajiwa wapi, na nani atalipa?
3. Ikiharibika, nani atapewa taarifa?