Horatio: Rafiki Aliyebaki Kusema

Ukiwauliza wanafunzi wa fasihi Horatio ana kazi gani katika tanzia ya Hamlet, wengi watakujibu haraka kwamba ni rafiki wa mhusika mkuu. Sawa, lakini rafiki anayefanya nini? Horatio haui mtu, hapangi njama, na ushauri wake karibu wote hausikilizwi. Mimi naona Shakespeare alimweka pale kwa kazi moja: kuwa shahidi.

Hebu tuanze mwanzo. Walinzi wa kasri wameuona mzuka wa mfalme aliyefariki, usiku wa kwanza na wa pili. Wa tatu wanamwita Horatio, aliyekuwa akisoma na Hamlet chuoni Wittenberg, Ujerumani. Kwa nini yeye? Kwa sababu ni mbishi. Anasema hizo ni njozi tu, mpaka anapouona kwa macho yake. Hapo na sisi watazamaji tunaamini.

Katika sehemu ya 3, onyesho la 2, Hamlet ameandaa igizo linalofanana na mauaji ya baba yake. Anamwomba Horatio amkazie macho Mfalme Claudius, kisha walinganishe walichokiona. Hamlet anajua hasira inaweza kumdanganya, hivyo anataka jicho la pili. Anamsifu Horatio, na kueleza kwamba hana sababu ya kumsifu bure mtu maskini asiye na cha kumpa.

Walinganishe Rosencrantz na Guildenstern. Hao ni marafiki wa Hamlet tangu utotoni, lakini wameitwa na mfalme wamchunguze. Hamlet anapowauliza nani kawaita, wanaumauma maneno kabla ya kukiri.

Tena uaminifu wa Horatio si wa "ndiyo mzee". Anamzuia Hamlet asiufuate mzuka. Kabla ya pambano la mwisho anamwambia atashindwa, na kama moyo unasita, yeye yuko tayari kwenda kumtolea udhuru. Hamlet anakataa. Horatio hasusi, anabaki naye.

Mtihani wenyewe uko mwishoni. Malkia, Claudius na Laertes wamekufa, na Hamlet yuko njiani. Horatio anataka kunywa sumu iliyobaki. Hamlet anampokonya kikombe na kumwomba aishi, aeleze yaliyotokea. Jamani, fikirieni uzito wa ombi hilo. Claudius hakukiri hadharani kwamba alimuua kaka yake. Watu waliokuwapo walipiga kelele za uhaini Hamlet alipomchoma mfalme. Siri ya mzuka sasa anayo Horatio. Naye akifa, Denmark itabaki na hadithi ya mwanamfalme kichaa aliyeua mfalme wake.

Na anapoanza kuongea mbele ya Fortinbras, hamgeuzi rafiki yake malaika. Anaahidi kueleza njama zote, pamoja na mauaji yaliyotokea kwa makosa. Sisi tunakumbuka kwamba Hamlet mwenyewe alimchoma Polonius nyuma ya pazia.

Kwa hiyo swali la Horatio likija kwenye mtihani, usiishie kuandika "rafiki mwaminifu". Kufa na Hamlet kungekuwa rahisi kwake. Alichoombwa ni kigumu zaidi: kubaki na uchungu, na kusema kweli yote, hata ile inayomgusa rafiki yake.